Fundi wa Udongoni

Mvua ya Kedowa, huku Kericho, huja alasiri. Mawingu hupanda kutoka upande wa ziwa, hukutana na baridi ya msitu wa Mau, na kabla wachumaji chai hawajafikisha vikapu vyao kwenye kituo cha kupimia, matone ya kwanza huwa yameshagonga vumbi la njia. Ndipo harufu inapoinuka. Kila aliyekulia huku anaijua: harufu ya udongo uliokuwa na kiu ukapata maji.

Harufu hiyo ina mwenyewe. Hutengenezwa na bakteria wa udongoni, hasa wale wa jamii ya Streptomyces, na kemikali yenyewe huitwa jeosmini. Nimefundisha kemia kwa miaka mingi katika milima hii, na kila mwaka huwaita wanafunzi dirishani mvua inapoanza. Nawaambia wavute pumzi, kisha nawaambia: mmemnusa fundi. Wengine hucheka, lakini mimi sisemi kwa mzaha. Nimewatazama maseremala, wahunzi, wafumaji na wapishi wa chai kiwandani, na kila mmoja nampa heshima yake. Huyu wa udongoni ndiye ambaye kila nikirudi kuitazama kazi yake naona jambo ambalo sikuliona mwanzo.

Kazi yake ninayotaka kuisifu leo ni moja. Inaitwa boromaisini.

Kwanza tumjue fundi mwenyewe. Streptomyces haishi kama chembe moja moja iliyotawanyika. Hujinyoosha kwa nyuzi nyembamba zinazopenya kati ya punje za udongo, zikila majani yaliyooza na mizizi iliyokufa. Chakula kinapopungua huinua vishina vidogo, na juu ya vishina hivyo hupanga mbegu zake kama shanga kwenye uzi. Wakati huohuo wa njaa, anapojiandaa kuhama, ndipo anapotengeneza kemikali za kuwazuia jirani zake wasimle. Sehemu kubwa ya antibiotiki tunazozijua imetokana na jamii hii. Streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kukabili kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 na Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman huko Marekani, kutoka kwa Streptomyces wa udongoni.

Kumpata fundi huyu ni ufundi pia, nao ni ufundi wa kusubiri. Udongo huanikwa kwanza hadi ukauke, kwa kuwa mbegu zake hustahimili ukavu unaowaua wengi wa majirani. Kijiko kimoja hutiwa katika maji yaliyochemshwa. Maji hayo huzimuliwa mara kumi, kisha kumi tena, kisha kumi tena, mpaka tone moja libebe vijidudu vichache vinavyoweza kuhesabika. Tone hupakwa juu ya agari iliyochanganywa na wanga, na sahani hufunikwa. Bakteria wenye pupa hujitokeza kesho yake, wakiteleza na kung'aa. Yeye hukawia. Siku ya nne, siku ya saba, pengine ya kumi na nne, kituta kidogo kikavu hujitokeza kimeng'ang'ania agari, na juu yake pamelala unga kama wa chokaa. Ukikigusa kwa sindano hakibonyei. Ukikinusa, ni mvua ya Kedowa. Anayetupa sahani siku ya tatu hatamwona kamwe.

Kwa subira ya namna hiyo, wanasayansi wa chuo cha ETH mjini Zurich, Uswisi, walimchambua Streptomyces antibioticus aliyetoka katika udongo wa Afrika, na mwaka 1967 wakatangaza walichokipata kwake: boromaisini. Miongoni mwa walioshiriki kazi hiyo walikuwa Vladimir Prelog, mzaliwa wa Sarajevo aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1975, na Hans Zähner, bingwa wa antibiotiki. Walipoivunja kemikali ile kipande kwa kipande, walikuta asidi amino iitwayo valini, iliyogeuzwa kama sura ionekanavyo kwenye kioo, kinyume cha ile inayojenga miili yetu. Walikuta kiunzi kikubwa cha kaboni na oksijeni. Pia walikuta asidi ya boriki.

Hapo ndipo palipokuwa na ajabu. Hadi siku ile hakuna aliyewahi kukuta boroni ndani ya kemikali ya namna hii iliyojengwa na kiumbe hai.

Boroni si kitu kigeni kwetu, ila hatuijui kwa jina. Wacheza keramu wa Mombasa hunyunyiza unga wa asidi ya boriki ubaoni ili kete ziteleze. Akina mama mijini huutega nyuma ya jiko kwa ajili ya mende. Huku kwenye chai tunaihitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa mmea usipoipata hufa kuanzia kwenye ncha, na mkulima wa chai hulipwa kwa ncha: majani mawili na chipukizi. Aliyethibitisha kuwa mimea haiwezi kuishi bila boroni ni Katherine Warington wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1923, akitumia maharagwe. Ilichukua zaidi ya miaka sabini baada yake kueleweka kazi yake kubwa ni ipi: katika ukuta wa kila seli ya mmea, chembe ya boroni hukaa kati ya minyororo miwili ya sukari na kuifunga pamoja, kama fundo linaloshika fito mbili za ua.

Basi fundi wa udongoni naye anafunga fundo hilohilo, lakini tazama alivyolifunga.

Boromaisini ina atomu 136. Kati ya hizo, 45 ni kaboni, 74 ni haidrojeni, 15 ni oksijeni, moja ni nitrojeni, na moja tu ni boroni. Mwaka 1971 Jack Dunitz na wenzake hukohuko Zurich walichapisha umbo lake, baada ya kupitisha miale ya eksirei katika fuwele zilizotokana nayo na kuhesabu jinsi miale ilivyotawanyika. Walichokiona ni pete kubwa iliyoundwa kwa nusu mbili zinazokaribia kufanana kama viganja. Kila nusu inatoa oksijeni mbili kuelekea katikati. Katikati pale boroni imeshikwa na oksijeni zote nne, na kwa kushikwa hivyo pete nzima inakunjwa na kuwa kama kibuyu kidogo cha mviringo. Boroni hubeba chaji hasi. Nitrojeni ya ile valini, iliyoning'inia pembeni, hubeba chaji chanya. Hakuna kilichozidi wala kilichopungua.

Nasema kibuyu kwa makusudi. Kogo wangu, mama mzaa baba, alikuwa na sotet tano, yaani vibuyu vya maziwa, zilizotundikwa ukutani, naye hakuruhusu mtu mwingine azioshe. Kila moja aliisugua ndani kwa sosiot, ule ufagio mdogo wa fito za mtende. Kisha aliingiza vijinga vya mti wa senetwet vilivyowaka, akavisaga kwa ncha ya sosiot mpaka kuta za ndani zote zikavaa mkaa laini, na akamwaga makaa yaliyosalia. Maziwa aliyachemsha, akayaacha yapoe kabisa, akayamimina, akafunga. Baada ya siku kadhaa yalikuwa mursik, mazito, yenye michirizi ya kijivu, na uchachu usiochoma koo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ufundi wake uko kwenye maziwa. Siku moja aliniambia maziwa ni ya ng'ombe, yake yeye ni kibuyu. Nje kibuyu kilikuwa laini, kiking'aa kwa mafuta ya mikono ya miaka mingi. Ndani kilikuwa na mkaa. Nyuso mbili, kila moja na kazi yake, na uso wa nje haukujua ya ndani.

Boromaisini imejengwa kwa akili hiyohiyo. Uso wake wa nje ni wa mafuta, kwa hiyo unapenya utando wa seli, nao utando ni mafuta. Ndani mna mwanya uliozungukwa na oksijeni, na oksijeni hupenda kushika madini yenye chaji kama potasiamu. Ukiwa na chombo ambacho nje kinakubaliwa na mafuta na ndani kinakubaliwa na chumvi, umepata ufunguo wa zizi.

Seli ya bakteria ni zizi kweli. Mifugo yake ni potasiamu, iliyojazwa ndani kwa wingi kuliko ilivyo nje, na tofauti hiyo ya ndani na nje ndiyo nguvu inayoendesha mambo mengi ya seli. Mwaka 1969 Zähner na mwenzake Pache walionyesha kwamba boromaisini inapomfikia bakteria, potasiamu humtoka. Lango limebaki wazi, mifugo inatoka usiku kucha, na mwenye zizi anaamka maskini. Hata hivyo si kila zizi linafunguka. Bakteria walio na utando wa pili wa nje, kama wale wanaosababisha homa ya matumbo, hawadhuriki kirahisi, maana dawa huzuiwa kabla ya kufika langoni.

Je, ufundi wote huu unahitaji ile boroni moja? Jibu limetoka kwa ndugu za boromaisini. Mwaka 1976 watafiti wa Japani walitangaza aplasmomaisini, iliyotoka kwa Streptomyces griseus wa matope ya ghuba ya Sagami. Ukiitoa boroni yake, kibuyu hulegea na nguvu hupotea. Ndugu mwingine ni tartroloni, itengenezwayo na bakteria wa aina nyingine kabisa: akikosa boroni hutoa pete tupu, na ukimwongezea boroni pete hiyohiyo huifunga na kuwa kamili. Mafundi hawa hawaichimbi boroni wala hawaiumbi. Wanajenga nafasi yake kwa usahihi kiasi kwamba inapopita, kidogo ilivyo katika maji ya udongo, inaingia na kukaa.

Hilo ndilo jambo ninalolistaajabia kuliko yote. Atomu 135 zimepangwa kwa ajili ya kuikaribisha moja. Ufundi mkubwa mara nyingi uko hapo: katika kuandaa mahali pa kitu kidogo kisichopatikana kwa wingi, kikifika kisianguke.

Ndugu wa tartroloni ametokea mahali ambapo watu wa pwani yetu watapatambua. Mafundi wa majahazi wa Lamu tangu zamani hupaka sehemu ya chini ya chombo chokaa iliyochanganywa na mafuta ya shahamu, ili kuzuia yule kiumbe wa baharini mwenye mwili kama mnyoo anayetoboa mbao. Katika mashavu ya kiumbe huyo huishi bakteria aitwaye Teredinibacter turnerae, na bakteria huyo hutengeneza tartroloni E, yenye boroni katikati. Mwaka 2020 ilionyeshwa kuwa inaua vijidudu vya jamii ya malaria katika maabara, pamoja na Theileria wa farasi, ambaye ni ndugu wa yule aletaye ndigana kali kwa ng'ombe wetu. Adui wa jahazi amebeba kitu ambacho mfugaji angekihitaji.

Sasa tuje kwenye manufaa, na hapa nataka kusema kwa uangalifu. Boromaisini haijawa dawa ya binadamu. Majaribio yake yanayofuata yamefanyika katika sahani na chupa za maabara, juu ya vijidudu na seli.

La kwanza ni kifua kikuu. Mwaka 2016 watafiti wa Singapore walichapisha kwamba boromaisini inaua bakteria wa jamii ya kifua kikuu, hata wale waliolala. Hao waliolala ndio chanzo cha tiba ndefu: dawa nyingi humuua bakteria anayekua, na asiyekua huponyoka. Afrika Mashariki inayo historia yake hapa. Mwaka 1972 yalitoka matokeo ya utafiti uliowashirikisha wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ukionyesha kuwa tiba ya miezi 6 inaweza kufanya kazi iliyokuwa ikichukua miezi 18. Moja ya dawa zilizowezesha ni rifampisini, iliyotokana na bakteria wa udongo uliookotwa kusini mwa Ufaransa. Wagonjwa wetu walimeza vidonge na kupimwa mwezi baada ya mwezi ili dunia nzima ipunguziwe mwaka mzima wa dawa. Miezi 6 bado ni mirefu kwa mchumaji anayelipwa kwa kilo. Watafiti wale wa Singapore walijaribu pia kupata bakteria waliojifunza kuishinda boromaisini, wasiwapate.

La pili ni malaria. Mashamba ya chai ya Kericho yameandikwa sana katika majarida ya sayansi kwa sababu ya milipuko ya malaria ya nyanda za juu, kwenye baridi ambapo wazee walidhani mbu hawezi. Jina aplasmomaisini lenyewe linabeba habari hii, kwani iliwazuia vijidudu vya malaria katika panya. Mwaka 2022 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, waliripoti kuwa boromaisini huua kwa haraka kijidudu cha malaria kilichomo katika chembe za damu, pamoja na zile hatua zake ambazo mbu huzinyonya na kuzipeleka kwa mtu mwingine.

La tatu halisemwi sana, nalo linanigusa. Kuna kijidudu kiitwacho Cryptosporidium, kinachowaharisha watoto wachanga na ndama vilevile. Utafiti mkubwa wa mwaka 2013 katika nchi saba, Kenya ikiwemo, ulikiweka katika nafasi ya pili, baada ya rotavirusi, kati ya visababishi vya kuhara kukali kwa watoto wasiofikisha mwaka. Dawa iliyopo haiwasaidii vizuri watoto wenye utapiamlo, ambao ndio wanaoihitaji zaidi. Mwaka 2021 iliripotiwa kuwa boromaisini hukizuia kijidudu hicho katika seli, na Toxoplasma pia. Kule nyuma, mwaka 1996, watafiti wa Japani walikuwa wameshaona kwamba inazuia virusi vya Ukimwi kukamilika vinapotoka kwenye seli.

Kati ya chupa ya maabara na kijiko cha mgonjwa kuna mlima. Kinachofungua zizi la bakteria kinaweza kufungua na letu, kwa hiyo lazima ijulikane kiasi kinachomwua mmoja bila kumdhuru mwingine, na jinsi ya kuifikisha mahali pake ndani ya mwili. Mlima huo hupandika. Boroni yenyewe imekwisha kuingia hospitalini kwa njia nyingine, katika dawa zilizobuniwa na wanakemia: botezomibu ya saratani iliruhusiwa Marekani mwaka 2003, na tavaboroli ya ukungu wa kucha mwaka 2014. Iliyo karibu nasi zaidi ni akoziboroli, ya malale. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022 liliwafuata wagonjwa 208 katika hospitali 10 za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Guinea. Walimeza dozi moja, siku moja, na kwa waliokuwa na ugonjwa uliofika kwenye ubongo, takriban 95 kwa kila 100 walihesabiwa kuwa wamepona baada ya miezi 18. Kabla ya hapo, kulikuwa na wakati ambapo hatua hiyo ya malale ilitibiwa kwa sindano ya dawa yenye aseniki, iliyowaua baadhi ya waliotibiwa.

Wanafunzi wangu huuliza kama udongo wetu nao una kitu. Huwajibu kwa mfano wa Ruiru, njiani kutoka Nairobi kwenda Thika. Bakteria wa huko, jamii ya Actinoplanes, ndiye chanzo cha akabosi, dawa ya kisukari iliyouzwa na kampuni ya Bayer tangu mwaka 1990. Udongo wa Kenya ulikwisha kujibu swali hilo. Kilichobaki ni mikono yetu kujifunza kuusikiliza, na kusikiliza huko ni kazi ya mikono kweli: kuanika, kuzimua, kupaka, kufunika, kurudi kesho.

Muhula uliopita tulichukua udongo chini ya mstari wa chai, tukafanya kama nilivyoeleza, tukazifunga sahani kwa utepe na kuziweka kabatini. Siku ya tatu zilikuwa zimejaa ute wa bakteria wa pupa, hazitamaniki. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alishika yake akaniuliza, "Mwalimu, tuitupe?" Nikamwambia aifunike.

Kogo hakuwahi kuifungua sotet kabla ya siku yake. Hakuwahi kuisahau pia. Kila asubuhi aliigusa tumbo, akaisogeza mbali na moto, akasikiliza kama inachachuka. Nimeifikiria boromaisini hivyo: imefungwa tangu mwaka 1967, na vizazi viwili vya watafiti vimekuwa vikiigusa tumbo.

Siku ya kumi na mbili msichana yule aliniita kabatini. Pembeni mwa sahani yake kilikuwa kimeota kituta kimoja cha kijivu, kikavu, chenye unga. Ule ute uliokuwa umetapakaa kote ulikuwa umerudi nyuma kukizunguka, na kati yake na kituta palibaki duara safi, tupu, pana kama shilingi. Aliitazama kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akaifunika mwenyewe, akairudisha mahali pake, akaandika tarehe.